Robert Koch, papasi wa Morogoro na homa inayorudi

Ukishuka basi pale Dumila, njia panda ya kwenda Kilosa, utaona nyanya, vitunguu na malori yanayoelekea Dodoma. Si rahisi kuwaza kwamba mkoa huu wa Morogoro uliwahi kumleta mmoja wa madaktari mashuhuri kuliko wote duniani, na kwamba alichokuwa akikitafuta ni kidudu kinachojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Wiki hii nakusimulia maisha yake, kwa sababu alichokikuta huku bado kinawahusu watoto wetu.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 huko Clausthal, Ujerumani, katika familia ya watoto 13. Baba yake alikuwa mtu wa migodi. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya nyumba yake, akaweka hadubini aliyopewa zawadi na mkewe, Emmy, na hapo mwaka 1876 akaonyesha kuwa ugonjwa wa kimeta husababishwa na bakteria wa aina moja. Ilikuwa mara ya kwanza bakteria fulani kuthibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa fulani.

Machi 24, 1882, akiwa Berlin, alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka uliofuata alikwenda Misri na India kuchunguza kipindupindu.

Lakini mwaka 1890 aliteleza. Alitangaza kuwa amepata dawa ya kifua kikuu, tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin wakiwa na matumaini makubwa. Dawa haikuponya, na wengine hali zao zilizidi kuwa mbaya. Baadaye ilibaki kutumika kama kipimo cha ngozi tu.

Safari ya Morogoro

Mwaka 1905, akiwa na miaka 61, alikuja tena nchini kwetu, wakati huo koloni la Wajerumani. Wasafiri wa misafara waliokuwa wakitoka Dar es Salaam kwenda bara, wakipita Morogoro na Kilosa hadi Iringa, walikuwa wakishikwa na homa ya ajabu. Inapanda siku chache, inashuka, mgonjwa anadhani amepona, kisha inarudi.

Koch alikagua vibanda vya kambi walimokuwa wakilala wasafiri. Kwenye udongo mkavu wa sakafu aliwakuta papasi, jamii ya kupe laini. Alipowapasua na kuwaangalia kwa hadubini, aliona bakteria wembamba waliojisokota. Akatazama mayai yao, akawakuta humo pia. Maana yake papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa, na nyumba moja inaweza kubaki na maambukizi kwa miaka hata kama hakuna mgonjwa mpya aliyeingia. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi: wasilale kwenye vibanda vile vya zamani.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Uganda, madaktari Ross na Milne walikuwa wameshaanza kumhusisha papasi na homa hii. Kongo, Dutton na Todd waligundua jambo hilohilo mwaka 1905, na Dutton akafa akiwa kazini. Bakteria wa homa hii amepewa jina lake, Borrelia duttonii.

Koch aliona jambo jingine: wenyeji watu wazima hawakuugua sana kama wageni. Alieleza kwamba waliugua tangu utotoni, wakajijengea kinga. Tafakari hilo kama mzazi. Kinga ile ya wakubwa ililipiwa na watoto.

Desemba mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, akipambana na ugonjwa wa malale. Aliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki, na akaongeza dozi. Baadhi yao walipofuka moja kwa moja. Walikuwa watu wa nchi iliyotawaliwa, wasio na nafasi ya kukataa. Siwezi kukusimulia sifa za Koch nikaliacha hili. Ukiwa mgonjwa leo, una haki ya kuuliza dawa unayopewa ni ya nini na ina madhara gani, na sisi madaktari tuna wajibu wa kukujibu. Koch alifariki Mei 27, 1910, Baden-Baden.

Silaha ndani ya mdudu

Kuna swali ambalo lilisubiri miaka mingi baada yake. Papasi ananyonya damu ya kila aina na kuishi kwenye uchafu. Hatengenezi kingamwili kama zetu. Mbona haozi kwa bakteria?

Mwaka 1981 huko Sweden, Hans Boman na wenzake walitoa jibu kutoka kwa nondo. Waliwadunga bakteria nondo hao wakiwa bado katika hatua ya pupa, wakasubiri, kisha wakavuta damu yao. Damu ile iliua bakteria. Ndani yake walikuta protini fupi sana, peptidi, wakaziita sekropini. Mwaka 2001, watafiti wa Japani walizikuta peptidi za aina nyingine, defensini, kwa papasi yuleyule aliyechunguzwa na Koch. Hutengenezwa tumboni mwake, mahali damu inapofikia. Peptidi hizi hutoboa utando wa bakteria mpaka anakufa. Hata mwili wako unazo za kwako: kwenye ngozi, utumbo na chembe nyeupe za damu.

Sasa ambapo bakteria wengi wamekuwa sugu kwa dawa tunazozijua, watafiti wanazichunguza peptidi hizi wakitafuta dawa mpya. Ila usimsage mdudu yeyote ukapaka kwenye kidonda. Kumbuka kwamba bakteria wa homa ya papasi anaishi salama ndani ya papasi huyohuyo mwenye silaha hizo. Kutoka tumbo la mdudu hadi dirisha la dawa ni safari ndefu.

Mzazi, fanya haya

Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka minne kutoka kijiji cha jirani na Dumila. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana, homa ikashuka, nikamruhusu. Baada ya siku chache mama alimrudisha, homa imepanda upya. Safari hii nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwanzo: mtoto analala wapi? Walikuwa wametoka kwa bibi, wakilala kwenye mkeka juu ya sakafu ya udongo. Tulichukua damu, tukaitazama kwa hadubini, na wale bakteria waliojisokota walikuwepo. Mtoto alipona. Nashukuru kwamba mama yule hakukata tamaa akaishia duka la dawa.

Kipimo cha haraka cha malaria hakioni homa ya papasi. Homa ikishuka kisha ikarudi, rudi kituoni, sema mtoto alilala wapi, na uombe damu iangaliwe kwa hadubini, hasa wakati homa iko juu, kwani ndipo bakteria huonekana kwa urahisi.

Ugonjwa huu unatibika kwa antibaiotiki za kawaida. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na homa kupanda ghafla, kwa hiyo dozi hiyo itolewe kituoni akiwa chini ya uangalizi. Usijinunulie. Mama mjamzito awahi zaidi, kwa kuwa homa hii inaweza kuharibu mimba, kuleta mtoto njiti au kumuua mtoto mchanga.

Nyumbani, papasi huuma usiku, hushiba kwa muda mfupi na kurudi kwenye ufa, kwa hiyo huenda usimwone kabisa. Lala kitandani, mbali na ukuta, na uchomeke chandarua vizuri chini ya godoro. Siriba nyufa za ukuta na sakafu. Ukipata uwezo wa saruji, anza na chumba wanacholala watoto.

Koch alilazimika kuchimbua udongo wa vibanda ili ajue homa ilitoka wapi. Wewe leo jioni chukua tochi, inama, ukague sakafu anayolala mwanao. Tukutane wiki ijayo.