Joginder Singh: Fundi magari aliyeitikisa Safari

BARABARA kuu itokayo Moshi kwenda Dar es Salaam hupita Mombo na Korogwe, na njia ya zamani ya kwenda Morogoro hukatiza Handeni. Kabla ya lami kufika, masika yalipokutana na Pasaka, udongo wa huko uligeuka tope la kumeza magurudumu. Msimu huohuo ndio uliokuwa wa mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ambayo kwa takriban miaka 20 yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika.

Katika mazingira hayo ndipo lilipochomoza jina la Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho, Kenya, Februari 9, 1932, katika familia ya Wasikh kutoka Punjab. Baba yake alikuwa na gereji, na huko ndiko alikojifunza ufundi. Baadaye alikuwa fundi wa doria wa chama cha wenye magari, kazi ya kuwaokoa waliokwama njiani. Pengine hakuna shule bora zaidi ya dereva wa Safari kuliko hiyo.

Alishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Enzi hizo washindi walikuwa wazungu, na viwanda vya Ulaya vilileta timu zenye fedha na mafundi wengi. Mwaka 1965 Joginder alijitosa na Volvo PV544 iliyokwishatumika, msoma ramani wake akiwa mdogo wake, Jaswant. Aliwaacha wapinzani kwa dakika 100. Ikawa mara ya kwanza kwa mtu asiye mzungu kutwaa taji hilo, miaka miwili tu baada ya Kenya kupata uhuru, na ndipo mashabiki walipozidi kumwita Simba wa Kenya.

Alisubiri miaka tisa kulipata taji la pili. Mwaka 1974, akiwa na David Doig ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo, alimshinda Björn Waldegård wa Sweden aliyeendesha Porsche. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 alirudia, na magari ya kampuni hiyo yakashika nafasi tatu za kwanza. Hakuna aliyewahi kushinda Safari mara tatu kabla yake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alifikisha tano mwaka 1982.

Hata hivyo, wajuzi huitazama zaidi hesabu nyingine: kati ya Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Katika mashindano ambayo mwaka 1963 na 1968 yalimalizwa na magari saba tu, hiyo si bahati. Joginder alilisikiliza gari na kujua lini alipunguzie mwendo.

Alifariki dunia London, Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikikimbiwa Naivasha, mbali na matope ya Handeni.