Ernest Shackleton na Watu Wake

Kusini kabisa mwa dunia, mbali kupita ncha ya Afrika, liko bara lililofunikwa na barafu mwaka mzima. Barafu ni maji yaliyoganda kwa baridi hata yakawa magumu kama jiwe. Katika bara hilo, liitwalo Antaktika, hapakuwa na wenyeji tangu kale, wala hapaoti mti hata mmoja. Bahari yake nayo huganda wakati wa kipupwe, na merikebu ikikawia humo hunaswa kama ndege katika ulimbo. Ernest Shackleton alikwenda huko mara nyingi, naye hakupata kufika mahali alipotaka kufika. Hata hivyo jina lake halikusahauliwa, kwa ajili ya jinsi alivyowaongoza watu wake na kuwarudisha.

Alizaliwa tarehe 15 Februari 1874 huko Kilkea, katika nchi ya Ayalandi, akiwa mtoto wa pili katika watoto 10. Baba yake alikuwa mkulima; kisha akaacha kulima, akasomea udaktari, na baadaye jamaa yote ikahamia London. Ernest alitiwa katika shule ya Dulwich, lakini moyo wake ulikuwa baharini. Alipotimiza miaka 16 baba yake alimpa ruhusa, akaingia katika merikebu ya matanga iitwayo Hoghton Tower. Safari yake ya kwanza ilizunguka Rasi ya Horn, kusini mwa Amerika, mahali penye tufani kali. Humo alifanya kazi kama mabaharia wengine: kupanda mlingoti, kukunja matanga yaliyolowa, kupiga deki, kukesha zamu yake. Mwaka 1898 alipata cheti cha unahodha.

Mwaka 1901 alikwenda Antaktika mara ya kwanza, chini ya amri ya Robert Scott. Yeye na Scott na Daktari Wilson walitembea juu ya barafu kuelekea Ncha ya Kusini, lakini kiseyeye kiliwashika, na Shackleton ndiye aliyeugua zaidi, hata akarudishwa kwao kabla ya wenziwe. Jambo hilo lilimchoma sana.

Basi mwaka 1907 alikwenda tena katika merikebu Nimrod, na safari hii yeye mwenyewe alikuwa mkuu. Akachagua watu 3, Adams, Marshall na Wild, wakaiendea Ncha kwa miguu. Tarehe 9 Januari 1909 walikuwa wamebakiza maili 97 za baharini tu. Hapana mtu aliyekuwa amefika karibu hivyo. Lakini chakula kilikuwa kidogo na miguu imekwisha nguvu, na Shackleton aliona wazi kwamba wakiendelea huenda wakafika, ila hawatarudi. Akageuka. Wengi wangaliona haya kugeuka mahali pale. Walipokuwa wakirudi kwa njaa, alimpa Wild biskuti yake mwenyewe, na Wild alipokataa alimshurutisha aile. Wild aliliandika jambo hilo katika daftari yake, na miaka baadaye Shackleton alipomwita tena, hakusita.

Mfalme wa Uingereza alimpa Shackleton cheo cha Sir. Mwaka 1911 Amundsen wa Norwei akawa wa kwanza kufika Nchani. Scott alifika Januari 1912, naye na wenziwe 4 wakafa njiani katika kurudi. Sasa Shackleton akaazimu kulivuka bara lote, toka bahari hata bahari. Akapata merikebu, akaiita Endurance, maana yake Uvumilivu. Nahodha wa chombo alikuwa Frank Worsley, na msaidizi wa Shackleton alikuwa Frank Wild. Walikuwamo mabaharia, wataalamu, madaktari 2, seremala mmoja na mpiga picha. Kijana mmoja, Blackborow, alijificha chomboni huko Buenos Aires. Alipoonekana, merikebu imekwisha kutoka, Shackleton akamkaripia sana, kisha akampa kazi ya jikoni. Hivyo wakawa watu 28. Wakang'oa nanga katika kisiwa cha South Georgia tarehe 5 Desemba 1914.

Mwezi wa Januari 1915, kabla ya kufika nchi kavu, barafu ikaishika merikebu pande zote. Wakajaribu kuikata kwa misumeno na mashoka, wapi! Ikawa lazima kukaa humo kipupwe kizima, na huko jua likizama hukaa wiki nyingi bila kuonekana. Shackleton alijua kwamba hatari kubwa kuliko baridi ni watu kukaa bure wakinung'unika na kugawanyika. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na kazi yake na saa yake. Wataalamu walipiga deki na kushika zamu kama mabaharia, na mabaharia waliwasaidia wataalamu katika kazi zao. Mbwa wa kuvuta mizigo waligawanywa kwa makundi, wakashindanishwa mbio. Walicheza mpira juu ya barafu, na usiku waliimba. Yeye mwenyewe alizungumza na kila mtu, akajua nani anapenda nini na nani ameanza kuvunjika moyo.

Hata Oktoba barafu ikaibana merikebu mpaka mbao zikapasuka. Tarehe 27 Oktoba 1915 Shackleton akaamuru wote watoke. Tarehe 21 Novemba ikazama mbele ya macho yao. Ilikaa gizani miaka 106, hata Machi 2022 ilipoonekana, chini yapata mita 3,000, jina lake likisomeka bado.

Basi wakawa watu 28 juu ya barafu inayoelea, wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua mahali walipo. Shackleton akasema kwamba kila mtu atachukua vitu vyake vya uzito wa ratili 2 tu. Ili wasione kuwa anawaonea, alitoa sarafu zake za dhahabu, akazitupa thelujini mbele yao. Lakini banjo ya Hussey, chombo cha nyuzi mfano wa gambusi, chenye uzito wa ratili 12, aliamuru ichukuliwe, kwa kuwa aliihesabu kuwa dawa ya mioyo. Mifuko ya kulalia ya ngozi yenye manyoya ilikuwa 18; mingine ilikuwa ya sufu, nayo haikuzuia baridi vema. Wakapiga kura. Mabaharia walishuku kwamba kura ile ina hila, maana Shackleton na Wild na Worsley wote walipata mifuko mibaya, na watu wa chini wakapata mizuri. Tena katika hema yake aliwaweka watu wagumu, wale waliopenda kubishana, ili maneno yao yaishie kwake.

Si kwamba mambo yote yalikwenda vema. Mwezi wa Desemba seremala, Harry McNish, alikataa amri, akisema merikebu ikiisha kuzama mkataba nao umekwisha. Shackleton akawakusanya wote, akawasomea mkataba, akawahakikishia kwamba mishahara itaendelea mpaka bandarini. McNish akanyamaza, akarudi kazini. Lakini tangu hapo watu hawa 2 hawakupendana.

Tarehe 9 Aprili 1916 barafu ilipasuka, wakashusha mashua zao 3. Siku zile za kwanza baharini zilikuwa mbaya kuliko zote zilizopita. Mpiga picha, Hurley, alipoteza mifuko ya mikono. Shackleton akavua ya kwake, akampa, naye vidole vyake vikaumia kwa baridi. Tarehe 15 Aprili wakafika kisiwa cha Elephant, mwamba usio na watu. Ilikuwa siku ya 497 tangu walipokanyaga nchi mara ya mwisho.

Lakini hapana merikebu ipitayo pale. Ilikuwa lazima mtu aende kutafuta msaada, na mahali palipofaa palikuwa South Georgia, mbali yapata maili 800, kuvuka bahari yenye mawimbi makubwa kuliko zote. Mashua iliyokuwa bora, James Caird, ilikuwa na urefu wa futi 22 na nusu. McNish akainua ubavu wake, akaifunika juu kwa mbao za masanduku na turubai lililoyeyushwa kidogo kidogo juu ya moto, kwani lilikuwa limeganda. Akatia kalafati kwa utambi wa taa, rangi ya mchoraji na damu ya sili. Wakaijaza mawe kuwa farumi.

Shackleton akachagua watu 5: Worsley ajuaye kupima njia kwa jua, Crean, McCarthy, Vincent, na McNish yule yule. Alimtaka kwa ufundi wake. Tena yeye na Vincent walikuwa watu wa matata, na hakupenda kuwaachia wale waliobaki mzigo huo. Watu 22 akamwachia Wild.

Wakaondoka tarehe 24 Aprili. Walikuwa na zamu 2, watu 3 kila zamu: mmoja alishika usukani, wengine walishughulikia matanga na kufua maji. Waliolala walilala juu ya mawe, nguo zimelowa, na maji yakidondoka usoni. Usiku mmoja maji yaliganda juu ya mashua hata ikawa nzito, ikaanza kuzama. Wakatambaa kwa zamu juu ya sitaha yenye utelezi, wakaivunja barafu kwa shoka. Jua halikuonekana ila mara chache, na Worsley alipima mara 4 tu katika safari nzima, akishikiliwa na wenziwe asitupwe baharini. Shackleton aliwatazama wote daima. Akimwona mmoja ameanza kutetemeka kuliko wenzake, aliamuru maziwa ya moto yapikwe kwa watu wote. Hakumtaja yule, ili asiingiwe na hofu wala asione haya.

Tarehe 10 Mei walishuka South Georgia, lakini upande usio na watu. Wavua nyangumi walikuwa ng'ambo ya pili ya milima ambayo hapana mtu aliyepata kuivuka. Vincent na McNish walikuwa hoi. McCarthy akabaki kuwatunza. Tarehe 19 Mei Shackleton, Worsley na Crean wakaanza kupanda, wana kamba moja, tezo ya seremala, na parafujo za mashua zimepigiliwa katika nyayo za viatu vyao zisiteleze. Usiku ulipokaribia, wakiwa juu mlimani ambako wangaliganda, walikaa juu ya kamba iliyokunjwa, wakashikana, wakajiachia kuteleza gizani mpaka chini. Baadaye walipopumzika, wawili wakasinzia mara moja. Shackleton alijua kwamba wote 3 wakilala hawataamka tena. Akawaacha dakika 5, kisha akawaamsha, akawaambia kuwa wamelala nusu saa. Nao wakasimama, wakaenda. Baada ya saa 36 wakaingia Stromness, weusi kwa moshi na nguo zimechakaa. Watoto walipowaona walikimbia.

Usiku ule ule Worsley akapanda chombo cha wavua nyangumi, akaenda kuwachukua wale 3. Lakini wale 22? Shackleton alijaribu kwa chombo kimoja, barafu ikamzuia. Akaazima kingine kutoka Uruguay, kikashindwa. Cha tatu kikashindwa. Wale waliomwona siku zile walisema nywele zake zilikuwa zikigeuka mvi.

Huko kisiwani watu walikaa chini ya mashua 2 zilizopinduliwa, wakila sili na pengwini. Madaktari walimkata Blackborow vidole vya mguu vilivyokufa kwa baridi. Kila asubuhi bahari ilipokuwa wazi, Wild aliamuru watu wakunje mifuko yao, kwa kuwa mkuu wao aweza kufika siku hiyo. Alifanya hivyo miezi 4.

Tarehe 30 Agosti 1916 chombo Yelcho cha nchi ya Chile, nahodha wake Luis Pardo, kikatokea. Shackleton alisimama na darubini, akiwahesabu watu waliokuwa wakitoka chini ya mashua mmoja mmoja. Walikuwa 22.

Kundi jingine, ambalo lilikuwa limetumwa ng'ambo ya pili ya bara kumwekea chakula njiani, halikuwa na bahati hiyo. Lilipoteza watu 3, nao walikuwa wamekwisha kuiweka akiba ile kwa taabu kubwa, ambayo hapana aliyekuja kuila. Shackleton alikwenda mwenyewe kuwachukua waliosalia, Januari 1917. Tena katika kugawa nishani, McNish hakupewa, ijapokuwa bila mikono yake James Caird isingalifika. Watu wengi wameona kwamba hapo Shackleton alikosa.

Mwaka 1921 alisafiri tena kwenda kusini katika merikebu Quest, na baadhi ya wale waliopata taabu pamoja naye walikubali kwenda naye tena, ijapokuwa walijua yaliyoko huko. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Januari 1922, chombo kikiwa kimetia nanga South Georgia, moyo wake ukasimama. Alikuwa na umri wa miaka 47. Maiti yake ilianza kurudishwa Uingereza, lakini Emily mkewe alituma habari kwamba azikwe kisiwani, akazikwa Grytviken kati ya makaburi ya wavua nyangumi.

Frank Wild ndiye aliyeiongoza Quest baada yake. Alikufa Afrika ya Kusini mwaka 1939, na mwaka 2011 majivu yake yalipelekwa South Georgia, yakazikwa upande wa kuume wa kaburi la Shackleton.