Fanny Crosby: Kipofu aliyewapa waumini nyimbo za ibada

MUUMINI wa Kikristo anapohudhuria ibada ya Jumapili au mazishi humu nchini, huenda akasikia Usinipite Mwokozi ama Ndiyo Dhamana. Nyimbo hizo zimo katika kitabu cha Tenzi za Rohoni, na wengi wamezihifadhi tangu utotoni hata hawahitaji kukifungua. Hata hivyo, ni wachache wajuao kwamba maneno yake ya asili, ya Kiingereza, yalitungwa na mwanamke kipofu wa Marekani aliyelipwa ujira mdogo na kuchagua kuishi miongoni mwa maskini.

Frances Jane Crosby, maarufu kama Fanny, alizaliwa Machi 24, 1820 katika kaunti ya Putnam, jimbo la New York. Alipokuwa na umri wa wiki sita hivi aliugua macho. Daktari wa eneo hilo hakuwepo, na mtu mwingine aliyejidai kuwa tabibu akambandika dawa ya moto ya haradali. Familia yake iliamini daima kuwa tiba hiyo ndiyo iliyompofusha. Kabla ya mwaka huo kwisha, babake aliaga dunia. Mamake, Mercy, akalazimika kufanya kazi ya utumishi katika nyumba za watu ili apate riziki.

Malezi ya mtoto huyo yaliangukia kwa kiasi kikubwa nyanya yake, Eunice. Ajuza huyo alimweleza rangi za maua na machweo ya jua, akamfundisha kuwatambua ndege kwa sauti zao na kumsomea Biblia. Fanny alijizoeza kuhifadhi sura tano za Maandiko kila wiki. Alipobaleghe, tayari alikuwa na Injili zote nne moyoni. Hazina hiyo ndiyo aliyoichota baadaye katika utunzi.

Mnamo 1835 alijiunga na shule ya vipofu jijini New York, ambako alisoma na hatimaye kufundisha hadi 1858. Kipindupindu kilipozuka mjini humo mnamo 1849, alisalia kuwauguza wagonjwa. Vifo alivyoshuhudia vilimtia hofu kuhusu hali ya roho yake. Novemba 1850, katika mkutano wa uamsho wa Wamethodisti, aliyakabidhi maisha yake kwa Kristo huku waumini wakiimba wimbo wa Isaac Watts.

Mwaka wa 1858 alifunga ndoa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki aliyekuwa kipofu pia. Walijaliwa mtoto mmoja aliyefariki akiwa mchanga, msiba ambao Fanny hakupenda kuuzungumzia.

Alikuwa akikaribia umri wa miaka 44 alipoanza kazi iliyomletea sifa. Mnamo 1864 mtunzi na mchapishaji William Bradbury alimwajiri kuandika maneno ya nyimbo za kanisa. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa ametunga nyimbo zaidi ya 8,000. Wachapishaji walizitoa kwa majina mengi ya kubuni ili vitabu vyao visionekane kuwa kazi ya mtu mmoja. Alitunga akilini, kisha mtu mwingine akaandika.

Malipo yake yalikuwa dola moja au mbili kwa kila wimbo, ilhali haki za kuuza zilibaki mikononi mwa wachapishaji. Wapo wanaoona kwamba alinyonywa, na hoja yao ina uzito. Lakini Fanny hakuandama mali. Aliishi katika mitaa duni ya Manhattan, akagawa sehemu kubwa ya kipato chake, na kuwatembelea walevi na wasio na makao katika nyumba za misheni, akiwahubiria na kuwasikiliza.

Usinipite Mwokozi ulitokana na huduma ya aina hiyo. Inasimuliwa kuwa mnamo 1868 alipokuwa akihutubia gerezani, mfungwa mmoja alipaza sauti kumsihi Mungu asimwache. Kilio hicho hakikumtoka Fanny masikioni, na jioni akatunga maneno hayo. William Doane akayatilia sauti. Wimbo wa Ndiyo Dhamana ulizaliwa mnamo 1873 kwa njia tofauti. Rafiki yake tajiri, Phoebe Knapp, alimpigia sauti mpya aliyokuwa ametunga, na papo hapo Fanny akapata maneno ya kuifaa.

Mwinjilisti Dwight Moody na mwimbaji wake Ira Sankey walizivumisha nyimbo zake katika mikutano mikubwa ya Marekani na Uingereza. Zikavuka bahari na kutafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Fanny alikataa kuhurumiwa. Aliwaambia watu kwamba upofu ulikuwa baraka kwake, kwa kuwa sura ya kwanza atakayoiona itakuwa ya Mwokozi wake. Aliaga dunia Februari 12, 1915 mjini Bridgeport, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 94.

Katika zama hizi ambapo baadhi ya wahubiri hupima baraka kwa magari na majumba, maisha yake ni changamoto. Hakuacha utajiri wowote. Lakini wafiwa wanaposimama kando ya kaburi na kukosa la kusema, mara nyingi maneno ya kipofu huyo ndiyo huwapa sauti.