Tom Mboya na Udugu wa Mitaa ya Eastlands

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hurudiwa mno katika mikutano ya vyama vya wanafunzi, hasa wakati wa kukusanya ada, lakini ni nadra kutajwa mtu ambaye maisha yake yalikuwa ufafanuzi wake. Thomas Joseph Odhiambo Mboya, aliyeishi kati ya mwaka wa 1930 na 1969, hukumbukwa kama waziri, kama msemaji hodari na kama kiongozi aliyeuawa angali kijana. Linalosahaulika ni kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwanachama. Alionja uongozi kwanza katika baraza la wanafunzi, akaukuza katika chama kidogo cha wafanyakazi wa jiji, na karibu kila alichokijenga baadaye kilifuata mfano ule ule wa daftari la majina, ada, uchaguzi na mkutano. Makala haya yanafuatilia safari ya mfano huo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, pamoja na namna ulivyomfikisha mbali na namna ulivyopungukiwa.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara shambani humo. Mama yake aliitwa Marcella Onyango. Asili ya wazazi hawa ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia ugenini, miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akazizoea lugha zao pamoja na Kiswahili cha shambani, sambamba na Kijaluo cha nyumbani. Alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Kabaa, Ukambani, kisha Yala, Nyanza, na hatimaye Mang'u. Mang'u ndiko masomo yalikokatikia, kwa kuwa karo ilimshinda baba mwenye watoto wengi wa kulea.

Mwaka wa 1948 alijiunga na Jeanes School, Kabete, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, kazi ambayo wenyeji waliiita ya bwana afya. Wanafunzi wenzake walimchagua kuwa rais wa baraza lao. Cheo hicho kilikuwa kidogo, lakini kilimfunza mambo ambayo mtaala haukuyagusa: kuendesha kikao, kupokea malalamiko ya wenzake na kuyafikisha mbele ya wakubwa kwa lugha ya heshima isiyo ya woga.

Alipoajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka wa 1951, alikuta jiji lililogawanywa kwa rangi. Wazungu waliishi kwenye vilima vya magharibi na kaskazini. Waafrika waliwekwa mashariki, ng'ambo ya reli na viwanda, katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na Muthurwa. Nyumba nyingi zilikuwa mali ya baraza au ya shirika la reli, kwa hiyo aliyepoteza kazi alikaribia kupoteza makao pia. Katika hali hiyo watu walitafuta hifadhi kwa watu wa kwao. Vyama vya kikabila na vya kiukoo vilisaidia wagonjwa, vikachangia mazishi na kusafirisha maiti. Udugu ulikuwako, ila kila udugu ulikuwa na ua wake.

Mboya hakuudharau udugu huo, lakini kazi yake ilimwonyesha kasoro yake. Bwana afya wa Kiafrika alilipwa mshahara ulio chini sana ya ule wa Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo, na dharau hii haikubagua Mjaluo na Mkamba. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia ofisini akiwa na maziwa ya kupimwa, akamtazama, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mtu alikuwapo, naye ndiye aliyekuwa na ujuzi uliotakiwa. Tukio hilo linaeleza kwa ufupi kwa nini alitaka chama kisichouliza ukoo wa mtu bali kazi yake.

Wafanyakazi Waafrika wa baraza walikuwa tayari na umoja wao, lakini ulikuwa umoja dhaifu. Mboya alichaguliwa kuuongoza, akazunguka akiandikisha wanachama, na kufikia mwaka wa 1953 umoja huo ulikuwa umegeuzwa kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Ada ilikuwa ndogo kwa kuwa mishahara ilikuwa midogo. Hata hivyo, aliyeilipa alipata haki ya kumchagua kiongozi na kumuuliza hesabu, haki ambayo serikali ya kikoloni ilimnyima kila mahali pengine.

Wakati huo nchi ilikuwa imewaka moto. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake wakatiwa mbaroni. Mboya, aliyekuwa amejiunga na KAU, alishika kwa muda nafasi zilizoachwa wazi na viongozi waliofungwa, hadi chama hicho kilipopigwa marufuku mnamo Juni 1953. Katika mwaka uo huo alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa kutoka mitaa ya Eastlands na kupelekwa kizuizini, wakiwemo viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lilibaki kuwa karibu sauti pekee halali ya Mwafrika, nalo lilipinga ukamataji huo wa jumla na ufukuzaji wa familia. Iwapo Mboya angalikuwa na chama cha watu wa kwao tu, operesheni ile isingemhusu. Daftari la wanachama lilimfanya aone kwamba waliochukuliwa walikuwa wenzake.

Mwaka wa 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, akakaa mwaka mmoja akisoma siasa na uhusiano wa kikazi. Huo ndio ukaribu wake mkubwa zaidi na chuo kikuu. Alipotoka huko alizuru Marekani mwaka wa 1956, akapata marafiki katika vyama vya wafanyakazi ambao walichangia ujenzi wa jumba la Solidarity, makao ya shirikisho yaliyojengwa Gikomba, katikati ya watu ambao lilikusudiwa kuwahudumia.

Ni vyema hapa kutazama Marekani kwa muda, maana wazo la udugu wa chama lilikuwa na historia ndefu katika vyuo vyake. Wanafunzi wa huko wameunda tangu kale vyama vya udugu vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki. Wanafunzi weusi, walipofungiwa nje ya vyama vya Wazungu, waliunda vyao: Alpha Phi Alpha kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1906, na Phi Beta Sigma katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka wa 1914. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana, waliosoma Marekani, walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma. Nkrumah aliongoza pia umoja wa wanafunzi Waafrika nchini humo kabla ya kurudi kwao na kuasisi Convention People's Party mwaka wa 1949.

Mboya hakula kiapo cha udugu wa chuo chochote, lakini alimtazama Nkrumah kama mfano. Baada ya kumshinda wakili C. M. G. Argwings-Kodhek katika uchaguzi wa Machi 1957 na kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Nairobi, aliunda Nairobi People's Convention Party, jina linaloakisi wazi lile la chama cha Ghana. Serikali ilikuwa imeruhusu vyama vya wilaya pekee, ikitumai kwamba kila wilaya ingejifungia kwake. Mboya alilitumia jiji kuwa jibu, kwa maana wilaya ya Nairobi ilikuwa na watu wa kila wilaya. Chama kilijipanga mtaa kwa mtaa, kikawa na gazeti lililoitwa Uhuru, na mikutano yake katika ukumbi wa Kaloleni na viwanja vya jirani ilidai kuachiliwa kwa Kenyatta. Lugha ya mikutano hiyo haikuwa jambo dogo. Mjaluo mbele ya umati wa Wakikuyu, Waluhya na Wakamba angesikika tu kupitia Kiswahili, na Mboya alikimudu vizuri. Mnamo Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima jijini Accra. Miezi michache baadaye polisi walipekua nyumba yake na kuwakamata wenzake kadhaa chamani.

Mtu huyu aliyekatizwa masomo kwa karo ndiye aliyewafungulia wengine mlango wa vyuo. Akishirikiana na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, na kwa msaada wa marafiki wa Marekani wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, alitafuta nafasi za masomo na nauli ya ndege. Wanafunzi 81 walisafiri mnamo Septemba 1959. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilipokataa kugharimia safari, Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Kufikia mwaka wa 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamenufaika. Huku nyumbani, jamaa na majirani walichanga pesa za matumizi kwa desturi ile ile iliyozoeleka katika vyama vya mitaani.

Udugu huu ulipimwa katika uchaguzi wa Februari 1961. Mboya, wakati huo katibu mkuu wa KANU, aligombea jimbo la Nairobi Mashariki, ambalo wapiga kura wake wengi walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Munyua Waiyaki, Mkikuyu mwenye jina la heshima. Waliodhani kura ingefuata damu walistaajabu. Mboya alishinda kwa tofauti kubwa mno.

Mgala muue na haki yake mpe. Na haki hiyo huenda pande zote mbili. Baada ya uhuru, Mboya alipokuwa waziri, mfano aliokuwa ameujenga ulianza kulegea, na mkono wake haukukosekana. Mwaka wa 1965 serikali aliyoitumikia ilivunja shirikisho lake la zamani na lile lililoshindana nalo, ikaunda COTU, na rais akapewa uwezo wa kumteua katibu mkuu kati ya waliopendekezwa. Haki ya mlipa ada kumchagua kiongozi wake ikapunguka. Machi 1966, katika mkutano wa KANU wa Limuru, Mboya alitumia ustadi wake wote wa vikao kumwondoa Oginga Odinga katika umakamu wa rais wa chama. Utaratibu ulifuatwa, lakini udugu ulivunjika, na walionufaika na ufundi wake hawakuwa na haja naye tena.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, akafariki akiwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa. Ghasia zilizuka hata kwenye ibada ya wafu, na uhasama wa Wajaluo na Wakikuyu ukapanda kiasi ambacho mitaa iliyompigia kura miaka minane kabla isingekitambua. Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazee wake.

Je, kilichobaki ni nini? Miongoni mwa wasichana waliosafiri kwa mpango ule mwaka wa 1960 alikuwamo Wangari Muta, aliyejulikana baadaye kama Wangari Maathai. Alirudi, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake. Kazi hiyo haikuendeshwa kwa amri ya mkubwa bali kwa vikundi vidogo vya wanawake vijijini, kila kikundi na kitalu chake. Ilimletea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Chama kidogo kinachoendeshwa kwa haki hakimhakikishii mwanzilishi wake maisha marefu, wala hakimzuii kukosea. Faida yake ni kwamba humlea mtu ambaye kesho atajua kuanzisha kingine.