Charles Martell: Nahodha aliyepasuliwa mara saba kusaka tezi moja

Alikuwa nahodha wa meli za biashara nchini Marekani, mrefu na mwenye afya. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Charles Martell akaanza kufupika.

Sio utani. Mifupa ililainika, ikawa inavunjika ovyo, mgongo ukapinda. Alipoteza karibu sentimita 18 za urefu wake. Figo nazo zikajaa mawe.

Mwaka 1926, Dk Eugene DuBois wa Hospitali ya Bellevue, New York, alimpima akakuta kalsiamu kwenye damu iko juu mno. Akashuku tezi za parathairoidi. Hizi kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejificha shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu. Moja ikizidisha kazi, inaichota kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu.

Dawa yake? Fungua shingo, toa tezi mbovu. Martell akapelekwa Massachusetts General, Boston. Hadi 1932 shingo yake ilikuwa imefunguliwa mara sita. Operesheni mbili za kwanza zilitoa tezi nzima kabisa, zisizo na tatizo. Mbovu haikuonekana.

Nahodha hakukaa kusubiri. Inaelezwa alijifungia maktaba ya Harvard akasoma anatomia, kisha akawabana madaktari wapasue kifua. Na alikuwa na hoja: mtoto akiwa tumboni, tezi za chini hushuka pamoja na tezi ya thaimasi, na baadhi hupitiliza hadi kifuani.

Mwaka huohuo wa 1932, Dk Edward Churchill na Dk Oliver Cope wakaikuta humo, uvimbe wa kama sentimita 3. Waliacha kipande makusudi ili kalsiamu isiporomoke ghafla. Ikaporomoka hivyohivyo, misuli ikamkaza. Wiki chache baadaye jiwe la figo lilimrudisha kwenye upasuaji, akafariki.

Mgonjwa wa Mungaa, Singida, mwenye mawe ya figo yanayojirudia, leo bado anaanzia alipoanzia Martell: damu ipimwe kalsiamu, halafu homoni ya parathairoidi. Tofauti iko kwenye kuisaka tezi. Siku hizi mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayonasa kwenye tezi mbovu, na kamera maalumu huionyesha ilipo, shingoni au kifuani, kabla daktari hajashika kisu.