Paul Robeson: Alinyimwa pasipoti, sauti yake ikavuka bahari

KIJANA wa Mbulu au Hanang anayetamani kuigiza hukutana na njia tatu: jukwaa, filamu na mchezo wa redio. Wengi hudhani njia hizo hutofautiana kwa wingi wa watazamaji tu. Maisha ya Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyezipitia zote, yanaonyesha kuwa tofauti kubwa iko kwingine: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kazi ya mwigizaji.

Robeson alizaliwa Aprili 9, 1898, Princeton, New Jersey. Baba yake alizaliwa utumwani, akatoroka, na baadaye akawa mchungaji. Mwana alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923, lakini ubaguzi wa rangi katika ofisi ya mawakili ulimfanya aiache kazi hiyo na kugeukia sanaa.

Jukwaa ndilo lililomjengea jina. Mwaka 1930 aliigiza Othello jijini London, katika tamthilia ya William Shakespeare, mtunzi yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alizitafsiri kazi zake mbili. Mwaka 1943 aliirudia nafasi hiyo Broadway, New York, ikaonyeshwa mara 296. Jukwaa halina huruma: kila usiku mwigizaji huanza upya, sauti yake sharti imfikie aliyekaa nyuma kabisa, na neno likimponyoka halifutiki. Hata hivyo, pazia likishafunguka hakuna awezaye kumkata.

Katika filamu mambo ni kinyume. Kamera humsogelea mwigizaji hata ishara kubwa ya jukwaani ikaonekana kituko. Tena huigiza vipande vipande, mwisho pengine kabla ya mwanzo, na mhariri ndiye huviunga.

Robeson aliyaonja hayo kwa uchungu. Mwaka 1934, akiishi London na kujifunza Kiswahili, alikubali kuigiza katika Sanders of the River akiamini kuwa itauheshimu utamaduni wa Mwafrika. Miongoni mwa waliopewa nafasi ndogo humo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Filamu ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa imegeuka kuwa sifa kwa utawala wa kikoloni. Uso na sauti vilikuwa vyake. Maana haikuwa yake. Aliikana filamu hiyo, na mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan, akaipa Hollywood kisogo.

Ikabaki sauti. Mbele ya kipaza sauti hakuna macho wala mikono ya kumsaidia mwigizaji. Pumzi na kituo hubeba kila kitu. Februari 1940, The Proud Valley, filamu aliyoigiza miongoni mwa wachimba makaa wa mawe wa Wales, ilisikika kwanza katika redio ya BBC kabla ya kuonekana kwenye majumba ya sinema.

Mwaka 1950 Serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Jukwaa la ng'ambo likafungwa, na milango ya nyumbani pia. Lakini mwaka 1957 aliimba akiwa New York, na kupitia waya wa simu uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki akasikika ukumbini London, kisha Porthcawl, mbele ya wachimba makaa wa Wales.

Alirudishiwa pasipoti mwaka 1958, na mwaka uliofuata akawa Othello tena, Stratford-upon-Avon. Baadaye maradhi yalimwondoa hadharani. Alifariki dunia Philadelphia, Januari 23, 1976, akiwa na umri wa miaka 77.

Leo kijana wa Katesh au Haydom anaweza kuwa na kamera na kinasa sauti ndani ya simu moja. Ugumu wa kila njia atajifunza kwa mazoezi. Lakini kabla ya kumkabidhi mtu mwingine uso na sauti yake, na aulize ni nani atakayeshika mkasi.