Mwosha Chupa wa Sheffield Aliyeshindana na Kutu

Kijiko ulichokorogea chai leo asubuhi, msomaji, huenda kimevaa nguo usiyoweza kuiona. Mmoja wa watu waliotupatia chuma cha namna hiyo ni Harry Brearley, aliyezaliwa mwaka 1871 mjini Sheffield, Uingereza, mtoto wa myeyushaji wa chuma. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Harry aliacha shule akiwa na miaka 12, akawa mwosha chupa katika maabara ya kampuni ya Thomas Firth. Kemia alijifunza baada ya kazi.

Kufika mwaka 1908 alikuwa mkuu wa maabara ya utafiti. Mwaka 1912 akakabidhiwa shida ya mitutu ya bunduki iliyokuwa ikilika upesi. Akachanganya chuma na kromi, na tarehe 13 Agosti, 1913, tanuri ikatoa chuma chenye kromi karibu asilimia 13. Desturi ilikuwa kukipaka chuma asidi kabla ya kukichungulia kwa hadubini. Hiki kilikataa kuliwa! Hata siki na maji ya limau hayakukidhuru.

Siri ni ngozi ya oksidi ya kromi, ambayo unene wake ni kama sehemu mbili au tatu za milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Ikikwaruzwa, oksijeni ya hewani huishona upya. Lakini ina kasoro zake: chumvi ya bahari hupenya penye udhaifu, hasa palipo na chembe za salfa, ikachimba vishimo. Ndiyo sababu chuma hiki nacho huota madoa pwani.

Brearley aliwaza visu vya mezani. Waajiri wake hawakujali, na mafundi wa visu wakamcheka, maana chuma kile kilikuwa kigumu mno kufua. Ernest Stuart, wa kiwanda cha Mosley, alikijaribu kwa siki, akakipa jina la chuma kisichoingia doa.

Hapo ndipo ugomvi wa haki ya uvumbuzi ulipozuka, na mwaka 1915 Brearley akaiacha kampuni aliyoitumikia tangu utoto. Wanaomwita mvumbuzi wa pekee wanapita kiasi, kwani Wajerumani Strauss na Maurer wa kiwanda cha Krupp walikwisha tengeneza cha kwao, chenye kromi na nikeli, mwaka 1912. Hata hivyo, kisu cha mezani ni chake.

Mwaka 1941 alianzisha mfuko wa hisani huko Sheffield. Alifariki Torquay mwaka 1948.